Kumfundisha Baba Kuruka Sawasawa

Jumatatu, 3 Machi

Ndege imerudi leo kutoka karakana kuu. Ni ileile, mabawa yaleyale, mlango wa nyuma bado unagoma kufunga mara ya kwanza. Ila mbele ya rubani siyo yenyewe tena. Saa zote za mviringo zimeng'olewa — ya kasi, ya kimo, ya mwelekeo, zile zenye mishale ambazo Baba ameziangalia miaka ishirini na tisa. Mahali pake skrini mbili pana. Spana, fundi wetu, akaziwasha. Buluu juu ndiyo anga, kahawia chini ndiyo ardhi, na mstari mweupe wa upeo umekatiza katikati. Kasi inapanda na kushuka kwa tarakimu upande wa kushoto. Kimo upande wa kulia, tarakimu pia. Skrini ya pili ni ramani. Nzuri! Sikatai.

Mkurugenzi kaniita ofisini. Marubani wetu watatu wote wafuzu kabla ya tarehe ishirini na nne. Asiyefuzu hapangiwi safari. Mwalimu ni mimi. Nikaomba Baba afundishwe na mtu mwingine. Kaniuliza yuko wapi huyo mtu mwingine.

Baba aliposikia akacheka hadi akakohoa. Kasema ajiandae kwa viboko, maana anajua alichonifanyia mimi nilipokuwa mwanafunzi wake.

Hapa kazini wengi wanamwita Mzee Sawasawa. Jina hilo alipewa na wagonjwa tunaowachukua zahanati za mbali. Wanasema akirusha yeye, maji kwenye kikombe hayajui kama mmeondoka. Amebakiza miezi mitatu kustaafu.

Jumatano, 5 Machi

Darasani. Wote watatu, Baba kiti cha mbele na daftari jipya.

Nimewaambia hivi: saa ya zamani ilikuwa kama saa ya ukutani. Unatupa jicho, unaona mshale umekaa wapi, umemaliza. Huhitaji kusoma. Skrini inakupa tarakimu, na tarakimu lazima isomwe. Ubongo unachelewa kidogo. Kwa hiyo anza na mstari wa upeo. Pua ikikaa kwenye mstari na nguvu ya injini haibadiliki, ndege itaenda sawa. Tarakimu ni za kuhakikisha tu, siyo za kukimbizana nazo.

Baba akauliza swali zuri kuliko wote — kile kistari kidogo kando ya kimo ni cha nini? Nikamweleza: kinakuonyesha utakuwa wapi baada ya sekunde sita. Akapenda sana. Kasema laiti angepewa kistari hicho siku anaoa.

Baada ya chai akauliza tena kistari kile ni cha nini. Nikajibu tena. Darasa lilikuwa refu.

Alhamisi, 6 Machi

Safari ya kwanza na Baba kwenye skrini.

Nje kweupe, hakuna wingu. Anaangalia nje, ananyoosha ndege kama anavyonyoosha shuka. Raha tupu! Kisha nikampa kofia yenye kinga, ile inayoziba madirisha ubaki na skrini peke yake. Futi elfu tano na mia tano, nikasema. Shika hapo.

Ikawa kama mtu anayefukuza kuku. Elfu tano mia nne na thelathini — akavuta. Mia tano na themanini — akasukuma. Mia tatu na tisini. Akavuta tena, kwa nguvu. Nikamwambia aache tarakimu: weka pua kwenye mstari, subiri, tazama, ndipo usahihishe, na kidogo tu, nusu ya unene wa mstari. Halafu zungusha gurudumu la trimu, lile la kusawazisha pua, mpaka usukani uache kukuvuta. Nilisikia aibu kuyasema. Ni maneno yake. Ndiye aliyenifundisha, kwa sauti hiyohiyo.

Tulipotua shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Kasema macho ya mzee hayapendi sinema.

Sina wasiwasi. Hata yule rubani mwenzetu kijana alikimbiza tarakimu siku ya kwanza. Ni ugonjwa wa kila mtu anayehamia skrini.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa wazazi. Kila nikimuuliza Baba kitu anajibu Mama. Nikawatania kwamba siku hizi Baba ana msemaji. Mama hakucheka.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepata dawa!

Nilikaa jana jioni nikakumbuka alivyonifundisha nikiwa na miaka kumi na tisa. Alichukua kofia yake akaziba saa zote mbele yangu, akaniuliza: tuko sawa au hatuko sawa? Nikasema sijui. Kasema, unajua, sikiliza injini, sikiliza makalio yako.

Basi leo nimekata vipande viwili vya karatasi, nikabandika kimoja juu ya kasi na kimoja juu ya kimo. Kabaki na buluu, kahawia na mstari. Nikamwambia, Baba, sahau tarakimu, nishikie mstari huo tu.

Dakika tano. Nikabandua karatasi ya kimo: elfu tano mia tano na ishirini. Kwa dakika tano nzima bila kuona namba! Nikairudisha. Dakika tano nyingine. Elfu tano mia nne na tisini. Spana alikuwa amekaa nyuma kupima umeme, akapiga makofi.

Baba akavua kofia yenye kinga akanitazama. Kasema, "Umenifundisha vizuri, mama." Baba yangu si mtu wa kusifu. Nimelibeba neno hilo siku nzima kama yai.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tumepaa saa tatu asubuhi. Karatasi nilizibandika mapema. Baba akaingia, akafunga mkanda, akazitazama. Akauliza ni nani aliyechafua skrini. Nilidhani ananitania. Nikacheka. Hakuwa ananitania. Nikamkumbusha ya juzi — dakika tano, Spana na makofi yake. Akasema ndiyo, ndiyo, haraka haraka, kama mtu aliyekutana na mtu asiyemkumbuka lakini hataki kumuudhi.

Angani ndiko likaja kubwa. Nikampa kimo kilekile, elfu tano na mia tano. Sasa karatasi nimebandua. Na ameruka sawa! Mstari umetulia, kistari hakichomozi, kasi haitikisiki. Ila kimo ni elfu nne na mia tano. Futi elfu moja chini, na ameshikilia hapo kama msumari. Nikasubiri agundue. Dakika tatu. Nne. Mbele yetu vilima. Nikamuuliza, Baba, tulisema kimo gani? Akajibu bila kusita: elfu nne na mia tano. Nikasema hapana. Akakasirika. Kasema anajua alichosikia.

Nikachukua usukani.

Chini nikamfuata Spana karakana. Nikamuuliza kama naye ameona chochote. Akaendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa, mikono iliyokuwa safi tayari. Mwishowe kasema mwezi wa kwanza Baba alitua akaipeleka ndege kwenye banda la zamani, lile lililobomolewa miaka sita iliyopita. Akazima injini pale, kwenye majani, akasubiri mlango ufunguliwe. Spana akaenda kwa miguu, akapanda, akamwambia wameamua kuliosha dege huku leo. Wakaliosha kweli. Hakumwambia mtu.

Kwa hiyo siyo skrini. Siku zote hizi nimekuwa nikiilaumu skrini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Mama saa ambazo Baba yuko kwa kinyozi. Alikuwa kwenye cherehani, anapinda suruali. Nikamweleza ya karatasi na ya kimo. Hakusimamisha mguu mpaka upindo ulipoisha. Ndipo akakata uzi.

"Umeona na wewe," kasema.

Tangu mwaka jana anajua. Anasema Baba anauliza kitu kimoja mara tatu, naye anajibu mara tatu kana kwamba ndiyo kwanza ameulizwa. Kila asubuhi ya safari anamwandikia kikaratasi — wapi, saa ngapi, abiria wangapi — anakitia mfuko wa shati. Baba anadhani amekiandika mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipaza sauti, Mungu anisamehe.

"Ningekuambia ungefanya nini?" kasema. "Wewe kazi yako ni kuandika nani aruke, nani asiruke."

Kisha akarudi kwenye suruali. Nilikaa pale, nina hasira na mama yangu, na namwonea huruma, na sijui kipi kilitangulia.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kwa wazazi. Nimesema nina mafua.

Jumatatu, 17 Machi

Ratiba ya wiki ijayo imebandikwa. Jumatatu tarehe ishirini na nne: muuguzi mmoja, wagonjwa wawili, zahanati ya ng'ambo ya vilima. Jina la rubani halijajazwa, linasubiri sahihi yangu.

Muuguzi mwenyewe amepita kuuliza nani atawarusha. Mgonjwa mmoja ni mama mjamzito, na hali yake si nzuri, hatakiwi kutikiswa. Kasema anaomba awe Mzee Sawasawa. Wagonjwa wake wakisikia ni yeye wanapanda bila kubembelezwa. Nikamwambia bado haijaamuliwa. Kasema ataomba Mungu.

Spana alisikia. Alipoondoka muuguzi akaja kusimama karibu yangu. Kasema miezi mitatu siyo mingi. Nimwache mzee amalize kwa heshima, apewe keki yake na picha yake ukutani. Tutamchagulia safari za karibu, siku za jua, na yeye Spana atapanda naye kila mara kwa kisingizio cha kupima hiki au kile. Ameshapanga kila kitu. Ana huruma ya kweli, yule mtu. Nikamuuliza, ukiingia wingu na Baba akasahau kimo, wewe fundi utafanya nini huko nyuma?

Ndege yetu ina rubani mmoja. Kiti cha pili anakaa muuguzi.

Lakini nimekaa na wazo lake siku nzima. Nikiri hapa, maana hapa hakuna anayesoma: nilichukua fomu ya kufuzu, nikajaribu kuona sahihi yangu ingekaaje kwenye kisanduku cha ndiyo.

Jumatano, 19 Machi

Mtihani wa Baba.

Amekuja amenyoa, viatu vinang'aa. Tumekagua ndege pamoja. Amegusa kila kitu kwa mpangilio wake wa siku zote, bawa, mkia, bawa, mafuta. Hakuruka hata kimoja. Nikaanza kuwa na matumaini. Matumaini ni majinga, hayasomi alama za nyakati.

Kimo elfu tano na mia tano. Nimemwandikia kwenye karatasi, nikaibana pale mbele ya goti lake. Siyo kosa, marubani wote huandika. Akavaa kofia yenye kinga. Nikawasha saa yangu.

Sijawahi kuona mtu akiruka vile. Dakika kumi na mbili. Jicho kwenye mstari, linakwenda kimo, linarudi kwenye mstari, linakwenda kasi, linarudi. Kama mtu anayesuka. Futi ishirini juu, akangoja, akagusa, ikarudi. Kidole kwenye trimu, kidogo, tena kidogo. Injini ikawa inaimba sauti moja. Nimefundisha watu kumi na saba kwenye skrini hizi, hapa na nilikotoka. Hakuna aliyewahi kuruka sawa kama alivyoruka baba yangu leo.

Nikamwambia avue kofia. Akavua. Jua limejaa ndani. Nikasema, haya Baba, turudishe nyumbani.

Akaendelea mbele.

Nilidhani hajasikia. Nikarudia. Akaitazama ramani kwenye skrini ya kulia — uwanja wetu uko pale, umeandikwa, mstari wa zambarau umechorwa mpaka mlangoni. Akatazama nje, kushoto, kulia. Barabara kuu iko chini, mto uko chini, ameruka hapa tangu sijazaliwa. Mikono yake bado imeshika sawa kabisa. Futi hata tano hazikupotea.

"Ni upande gani, mama?"

Kwa upole kabisa. Kama anauliza chumvi iko wapi.

Nikamwambia kushoto, mwelekeo mia na tisini. Akageuka. Hata kwenye kona hakupoteza kimo. Uwanja ukaonekana. Ndipo akasema, huku anaangalia mbele:

"Hili tusimwambie mama yako. Atahangaika."

Kwa hiyo anajua. Anajua, na anamficha Mama. Na Mama anajua, na anamficha yeye. Nyumba moja, meza moja, kila mmoja amembeba mwenzake mgongoni na anadhani mwenzake hajui.

Ametua laini. Akazima injini, akageuka kunitazama.

"Umeona? Sawasawa."

Nikasema ndiyo, Baba. Sawasawa.

Sikusema uongo. Ndicho kinachoniua.

Alhamisi, 20 Machi

Fomu iko mezani. Vipengele kumi na vinne. Kutunza kimo: bora. Kutunza kasi: bora. Kutunza mwelekeo: bora. Matumizi ya skrini: bora. Nimejaza kumi na vitatu.

Cha kumi na nne: anajua alipo na anakokwenda.

Nimeishia hapo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeandika hapana.

Fomu nimempelekea Mkurugenzi mimi mwenyewe. Akasoma polepole, akarudia juu, kwenye zile bora zote. Akauliza kama nina hakika. Nikamweleza yote, mpaka ya banda lililobomolewa, ila jina la Spana nikaliacha nje. Akavua miwani. Baba ndiye aliyemfundisha hata yeye, zamani, kabla ya meza na tai.

Kasema Baba lazima aonwe na daktari wa marubani, pengine ni kitu chenye dawa, mambo ya kichwa ni mengi. Kasema Jumatatu nitarusha mimi. Kisha akasema barua anaweza kuiandika yeye, ipelekwe na karani, nisijiumize. Nikakataa. Kasema basi nimwambie kabla ya Jumatatu, maana Baba ameshauliza mara mbili leo ratiba inasemaje.

Spana amenipita uani bila kunisalimia. Baadaye nikakuta dirisha la gari langu limefutwa. Sijui kama ni yeye. Nani mwingine?

Nilikaa garini muda mrefu. Nililia kwa kelele, kama watoto wanavyolia, na redio nimeifungulia ili walinzi wasisikie.

Jumamosi, 22 Machi

Niko kwa wazazi. Saa kumi kasoro robo. Naandika kwenye meza ya kulia chakula, nikimngoja Baba aingie.

Nilipofika Baba alikuwa nje, anaosha gari. Akanisalimia vizuri. Akaniuliza mafua yameisha? Hilo amelikumbuka! Uongo wangu wa Jumapili iliyopita ameukumbuka, na njia ya nyumbani hakuikumbuka. Nimesema yameisha.

Nikaingia ndani, nikampa Mama fomu. Amesoma vipengele kumi na vitatu vyote kwa kidole. Kwenye kila bora kidole kinasimama kidogo. Alipofika mwisho akaikunja, akanirudishia, akasema nimeandika mwandiko mzuri. Kisha akaniambia na la safari ya Jumatano, kabla sijalisema: Baba amemweleza mwenyewe, jana. Alisahau kwamba ni siri. Amelieleza kama kisa cha rubani mwingine, mzee mmoja aliyepotea juu ya nyumbani kwake. Alimhurumia sana mzee huyo.

Nikamwomba Mama anisaidie kusema. Akatikisa kichwa. Kasema atakaa hapa, atanishika mkono nikitaka, lakini maneno ni yangu.

Sasa amekaa upande wangu wa kulia. Vikombe vitatu mezani. Cha Baba amekifunika.

Nasikia bomba limefungwa. Ndoo imewekwa chini. Anakung'uta viatu mlangoni. Anazungumza kabla hajaingia: anauliza Jumatatu anaondoka saa ngapi, na shati lake jeupe liko wapi.

Mama anafunua kikombe cha Baba.

Anauliza tena, saa ngapi Jumatatu.

Mama ananitazama mimi.